Kitambaa Cheupe cha Marehemu

Fundi makochi alikuwa na sura ya kutisha bure: kovu shavuni, mabega mapana kama mlango, macho mekundu kwa vumbi la sponji. Watengeneza filamu wa mtaani walipomwona aking'oa misumari ya kochi kwa meno, wakamnyakua awe jambazi mkuu. Jamaa akavimba kichwa. Siku ya kwanza akanguruma, akapiga meza, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na dirisha. Watu wakacheka mpaka kamera ikatikisika.

"Fundi," mwongozaji akamwambia, "anayefoka tunajua yuko wapi, tunamkimbia. Nitafutie mtu uliyewahi kumwogopa wewe."

Fundi akanywea. Mtu huyo alikuwepo, tena kaburini zamani: baba yake mzazi. Mzee hakupaza sauti hata siku moja. Akitoka kazini alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe, akauliza kwa upole wa bibi harusi, "Mmekula?" Wakisema ndiyo, mbona hawakumngoja? Wakisema bado, mbona chakula kimechelewa? Jibu salama halikuwepo, na watoto walilitafuta hivyo hivyo huku kidole cha mwisho kikikaushwa.

Basi akanawa mbele ya kamera, akakausha, akauliza. Hakucheka mtu. Binti aliyeigiza mateka akasahau maneno yake, akalia kilio ambacho hakuna aliyemfundisha.

Filamu ikavuma. Sokoni wakawa wanampisha njia, naye anatembea kama mtaa ni wake. Hakufikiria jambo moja tu, bwana mkubwa huyo: mama yake, aliyeishi naye, alikwenda kuitazama kwa jirani.

Jioni yake fundi akaingia, akanawa gundi mikononi, akavuta taulo.

"Mama, umekula?"

Sahani ikaanguka. Alipogeuka, mama alikuwa amejibana nyuma ya mlango wa jikoni, mkono umekinga uso.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Na yeye yumo. Nilimzika, mwanangu, wewe umemfukua."

Akafunga furushi lake, aende kwa mdogo wake. Fundi akambembeleza, akaapa hachezi tena jambazi, hata wampe gari. Mama akakubali kubaki kwa sharti moja: akiingia, apige kelele. Marehemu hakuwa na kelele.

Tangu hapo fundi huingia nyumbani akiimba vibaya na kupiga teke ndoo, mpaka mama anamwambia sauti hiyo itagandisha maziwa. Akinawa hajikaushi, hukung'uta mikono kama kuku aliyenyeshewa, akaketi mezani akichuruzika maji. Mama hucheka, akala.

Lakini huko karakanani, akiwa peke yake, hutokea akajikuta ameinamisha kichwa, anafuta kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa kipande cha kitambaa cheupe. Na hakumbuki alikiokota saa ngapi.