Maziwa ya Kawaida Tu

Nilipopata kazi katika ofisi ya uhusiano wa umma hapa Garissa, baba yangu alidhani ni mahali pa kusuluhisha ugomvi wa mipaka, akaniombea sala ndefu. Baba ni mwalimu mstaafu. Aliletwa huku kutoka Mwingi akiwa kijana, akasahau kurudi, na anaamini kwamba neno lolote lenye "umma" ndani yake lina vurugu. Mama aliuliza swali la maana zaidi: mnauza nini? Nikamwambia tunawasifu watu, nao wanatulipa. Alinitazama kwa huruma, kisha akarudi kuchambua maharagwe yake.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Tulikuwa wawili, bosi wangu na mimi, katika chumba kimoja juu ya duka la saruji, na feni iliyopuliza vumbi kutoka pembe moja hadi nyingine. Wateja wetu walikuwa kliniki ya meno, shule ya udereva, duka la paneli za sola na wengine waliokuja na kupotea. Tuliandika habari zao, tukazipeleka redioni na kwenye makundi ya simu, tukawatengenezea mabango. Pembeni kulikuwa na kazi za bure: kampeni ya kuchangia damu, chanjo ya mbuzi, wasichana warudi shule. Hizo zilikuwa nyingi kuliko za malipo, kwa sababu bosi alikuwa hawezi kumkatalia mtu yeyote aliyemwita walaal, yaani ndugu.

Kuuza habari Garissa ni kazi ya kichaa. Watu wa hapa wakikutana hawatosheki na "nzuri". Wanapeana habari kamili: mvua imenyesha wapi, nani amezaa, mbuzi wanakwendaje sokoni, lori la maji la Dadaab limekwama upande gani wa barabara. Mara nyingi nilituma taarifa ya mteja asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu ambaye simjui alinipigia kutoka Mandera kunirekebisha. Alikuwa sahihi, tena alikuwa na mengine ya kuongeza.

Mteja niliyempenda zaidi ni kundi la kina mama wauza maziwa ya ngamia. Kwa miaka walikaa sokoni juani na madumu yao ya njano yaliyofukizwa moshi, wakiuza kwa kikombe. Kisha wakajiunga, wakakodi duka, na kampuni moja ya maziwa ikawaletea tangi la kupozea, kubwa, linalong'aa, lenye mfuniko mzito. Walipewa kwa majaribio. Afisa wa kampuni angekuja kulikagua mwisho wa mwezi: likijaa, linabaki, lisipojaa, linapakiwa na kupelekwa mji mwingine. Bila tangi, maziwa yote yaliyobaki jioni yangeendelea kumwagwa au kuuzwa kwa bei ya kusikitisha, na wao wangerudi juani.

Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Eldas ambaye mji mzima ulimwita eedo, yaani shangazi. Mwembamba, mkali, na macho yake yalikuona hata ukiwa nyuma ya mlango. Ngamia wake walichungwa na wanawe porini nje ya mji, na mmoja kati yao, jike jeupe, alikuwa anatoa maziwa mengi kuliko wenzake. Eedo hakuwahi kulisema hilo. Tulilijua kwa sababu wengine wote walilijua.

Basi bosi akaamua kuwapigia debe kabla ya afisa kufika. Alikwenda mwenyewe porini na simu yake, wanawe eedo wakamwacha apige picha kwa heshima tu, na akarudi na picha moja nzuri ajabu: ngamia mweupe ameinua kichwa, midomo imebinuka, kama bibi harusi aliyechoka kusubiri. Kwa siku kadhaa hakula vizuri, akitafuta maneno. Alipoyapata, akachapisha bango la ukubwa wa ukuta na kulitundika njia ya soko la mifugo. Picha juu, na chini yake kwa herufi nyekundu: MALKIA WA MAZIWA. KWA WINGI NA UTAMU, HAKUNA WA KUMFIKIA.

Sasa, huyu bosi wangu ni binti wa wafugaji. Mimi siku moja nilimwangalia mpwa wake na kusema mtoto amenona, akanigeukia kama nimemmwagia mtoto maji ya moto, nikalazimika kusema mashallah kwa sauti, kumkinga na jicho baya, ndipo nikarudishiwa kikombe changu cha chai. Kwao mtoto mzuri huitwa mbaya wangu, na mwenye ngamia wengi husema anao wachache. Hayo yote aliyajua. Lakini cheti chake cha Nairobi kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kiti chake, na akikaa chini ya kile cheti, mambo ya nyumbani yalikuwa yakimtoka kichwani yote. Kazini ni kazini, ndivyo alivyoniambia.

Bango lilipendwa sana. Watu walisimama kulitazama, madereva wakapunguza mwendo, vijana wakajipiga picha wakibinua midomo. Bosi alitembea siku hiyo akiwa na kichwa kimevimba, na mimi nikamtania kwamba sasa atafute ngamia wa kumwoa.

Kesho yake eedo alipanda ngazi zetu. Alikaa. Bosi akamletea chai, naye akaisogeza pembeni bila kuigusa, na hapo nilijua tumekwisha. Mtu akikataa chai Garissa, hata polisi wana heshima ya kusubiri aseme kwanza.

"Ngamia yangu jana imekataa kutoa masiwa," alisema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie vizuri. "Mtoto yake imesimama hapo, inalia, mama haitaki. Nyinyi mmebeleka ngamia yangu kwa macho ya mji yote. Mashallah iko wabi?"

Nilimwona bosi akisoma lile bango upya kichwani, neno kwa neno, safari hii kwa macho ya mama yake. Alishika kichwa.

Mimi nina maoni yangu. Nadhani ngamia yule alikasirishwa na mgeni aliyemzunguka nusu siku akimwangazia simu usoni, na mimi pia ningekasirika. Lakini maoni yangu hayakuwa na kazi, kwa sababu mambo yalikwenda mbele haraka. Wale kina mama wengine waliposikia, kila mmoja alimwogopea ngamia wake. Asubuhi iliyofuata walikuja dukani na madumu nusu. Siku ya pili wakaja na vikombe. Kila aliyeulizwa alisema ngamia wake wamekauka, ghafla, wote, msimu wa malisho mazuri. Maziwa yalikuwepo; yalikuwa yakinywewa kimyakimya majumbani na kugawiwa majirani, mbali na lile tangi lililotangazwa kwenye ukuta. Tangi likabaki na maziwa ya kufunika kitako tu, na mwisho wa mwezi unakaribia.

Bosi alihangaika nikamhurumia. Kwanza aliongeza MASHALLAH kwenye bango kwa rangi ya kijani. Eedo alipita akatazama, akauliza kama huwa anavaa kofia baada ya jua kuzama. Bango likashushwa. Kisha bosi akampeleka mwalimu wa madrasa porini akamsomee ngamia, akanyunyiza maji, na yeye mwenyewe akaomba radhi mbele ya wanawe eedo. Siku mbili hivi baadaye ngamia akaanza kushusha maziwa tena. Bosi alilia ofisini kwa furaha. Lakini kina mama wengine hawakusogea. Waliogopa kwamba duka lenyewe sasa linatazamwa.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Jioni moja, nimechoka kuandika taarifa za kusihi ambazo hakuna aliyezisoma, nilimwambia bosi kwamba tatizo letu ni kuwasifu watu wasiotaka kusifiwa, na kama ni mimi ningewaponda tu. Nilisema kwa kejeli. Yeye hakucheka. Alisogeza kiti mbele ya kompyuta akaniambia, haya, waponde.

Tukaandika hivi, yeye kwa Kisomali, mimi kwa Kiswahili: "Duka la maziwa la kina mama lipo. Si kubwa. Maziwa ni ya kawaida tu, na ni kidogo, kadiri alivyojalia Mungu. Mwenye haja aje." Hakuna picha. Bango dogo, jeupe, herufi nyeusi. Redioni mtangazaji alilisoma kwa sauti ya kutangaza msiba, akasita, akauliza kama kuna ukurasa wa pili.

Mji ukacheka. Kisha mji ukafikiri. Kila mtu hapa amekulia nyumba ambayo baba alisema ana mbuzi wawili watatu huku zizi likivunjika kwa kujaa. Mtu anayesema ana kidogo bila kuulizwa, huyo ana kitu. Watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kwa jicho la upelelezi, na kila aliyeonja alitoka akimwambia jirani kwamba ah, si kitu cha ajabu, ni ya kawaida tu, huku akirudi kesho na dumu kubwa zaidi. Na kina mama walipoona kwamba duka lao limeshapondwa mbele ya mji mzima na hakuna tena cha kuonewa kijicho, wakaleta maziwa. Walikuja mapema na madumu yamefunikwa leso, wakamimina na kwenda zao.

Afisa alifika: kijana wa Nairobi, mpole, kofia pana, anatoka jasho. Kitu cha kwanza alichokiona ni bango letu. Alilisoma mara mbili, kisha akanivuta kando akaniuliza kama kuna mtu anayewafanyia hawa kina mama hujuma. Nikamwambia ni sisi, ndiyo kazi yetu.

Ndani ya duka mambo yakawa mabaya zaidi. Alikaa mbele ya kina mama kuuliza maswali yake, mimi nikitafsiri. Mna ngamia wangapi? Wachache. Wachache ni wangapi? Wale Mungu ametoa. Kwa siku mnapata maziwa kiasi gani? Kidogo. Yanaongezeka au yanapungua? Alhamdulillahi. Aliandika, akafuta, akaandika tena, uso ukizidi kusawijika. Akaninong'oneza kwamba anasikitika, lakini kwa majibu haya hawezi kulitetea tangi libaki. Eedo alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, akitazama mdomo wa kijana. Hakuhitaji nimtafsirie hilo. Nikaona vidole vyake vikishika ncha ya shungi na kuikunja, na moyo ukaniuma. Angeweza kuokoa tangi lake kwa kutaja wingi wa maziwa, na hangeutaja, hata kama lingepakiwa garini mbele ya macho yake.

Ningeweza kumtajia mimi. Nilikuwa najua. Badala yake nilimwambia kijana, kwa ukali kidogo, aache kuwauliza watu, ainuke akafungue tangi.

Aliinua mfuniko. Maziwa yalikuwa yamefika shingoni, meupe, na povu likigusa ukingo. Kijana akabaki ameinama pale. Kisha akainuka, uso umeng'aa, akajaza kifua hewa, na kwa sauti iliyosikika hadi barabarani akaanza kusema kwamba tangu aajiriwe, katika vituo vyote alivyokagua, hajawahi kuona maziwa mengi na mazuri kiasi hiki...

"Mashallah," wakasema kina mama wote kwa pamoja, na bosi, na mimi, na mteja mmoja aliyekuwa ameingia kununua tu. Kila alipovuta pumzi kuendelea tulimrukia tena, mashallah, mashallah, hadi sifa zake zikazama humo ndani zisimdhuru mtu. Yeye alidhani anashangiliwa. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa shukrani, akatia saini fomu yake palepale juu ya mfuniko.

Tangi likabaki. Eedo alitoka nje akasimama ukutani, akajifuta macho kwa shungi, akarudi na kuanza kuwakemea wenzake kwa kuacha mlango wazi nzi wakiingia.

Baada ya siku chache alipanda ngazi zetu tena. Safari hii alichukua chai, akaongeza sukari mwenyewe, akanywa. Bosi, ambaye ugonjwa wake wa kazi haujapona, akaanza kumweleza kwamba lile wazo la kuponda lilitoka kwangu, kwamba mimi ni hodari, mimi nina akili ya pekee. Eedo alimnyamazisha kwa kiganja. Akanitazama juu hadi chini.

"Hii yako haina faida," alimwambia bosi. "Somali yake mbaya sana. Kichwa yake kawaida tu. Usiache mtu aibeleke Nairobi."

Nimezaliwa Garissa, ingawa si Msomali. Tangu utoto, kila nikifungua mdomo sokoni watu hunisifu: Kisomali chako kizuri sana, umezoea kweli, wewe ni kama sisi. Hawasemi mashallah, hakuna anayemwogopea jicho mtoto wa watu wengine. Nimeshukuru kwa adabu maisha yangu yote, na kila mara nimerudi nyumbani na uchungu ambao sikuweza kumweleza hata mama. Siku ile nilimmiminia eedo kikombe cha pili, kikafurika hadi chai ikaingia kwenye kisahani, nikamwambia kwa Kisomali changu kibaya kwamba maziwa yake nayo si ya kutajwa.