Kisu cha Kabati la Kioo

Siku ya kwanza ya kazi sikupewa kisu. Nilipewa jiwe na ndoo ya maji, nikaambiwa nilisugue jiwe hilo juu ya jingine mpaka uso wake unyooke. Hiyo ilikuwa Kindu, mashariki ya Kongo, kwa fundi tuliyemwita Maître, aliyenoa visu vya wachinjaji wa soko. Jiwe lililopinda, alisema, linaharibu kila kisu kinacholipitia. Nilisugua mwezi mzima. Ndipo akanifundisha kulaza bapa la kisu kwenye jiwe na kuinua mgongo wake kidogo, unene wa sarafu mbili, kisha kuvuta upande huu sawa na ule mpaka ukingoni uote uzi mwembamba wa chuma. Jicho huuona kwa shida, ila kidole gumba huusikia. Uzi huo hutolewa kwa kupitisha kisu kwenye ngozi. Ukiuacha, kisu kitakata vizuri leo, na kesho mteja atarudi na maneno makali.

Maître hakuwa msemaji. Jambo moja tu alilirudia: "Kisu ni ya mutu. We uko nayo saa moja tu. Usiizoee."

Vita vilitutoa Kindu, mimi na mke wangu, Mama Zaina, na watoto watatu. Tulipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nilinoa majembe na visu vya jikoni, nikilipwa unga. Baadaye nikapata kazi Lilongwe, Old Town, kwenye baraza la duka moja la vyuma. Mwenye duka tulimwita Bwana. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alinijaribu kwa mkasi wa mshonaji, maana mkasi una makali mawili ambayo lazima yakutane toka bawaba mpaka ncha. Akakata nao kitambaa kilicholowa, akakiangalia, akasema, "Kesho njoo saa moja."

Nilikaa barazani pale miaka kumi na saba. Siku za kazi nililala mtaa wa Mtandire, Jumamosi nikarudi kambini.

Ndani ya duka kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake kisu kimoja cha kukunja kilichotoka ng'ambo. Bei yake iliwafanya wateja wacheke, kisha waende kununua misumari. Kila mwisho wa mwezi Bwana alinikabidhi nikipake mafuta. Mpini wake ulikuwa wa madini mepesi ya kijivu, baridi hata wakati wa joto. Ukisukuma kwa kidole gumba, bapa lilifunguka lenyewe bila kukwaruza, kisha kifungio kikaingia mahali pake kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegonga jino. Nilijaribu kukitikisa, hakikucheza hata unywele. Chuma chake kilikuwa kigumu hivi kwamba jiwe langu la kawaida liliteleza juu yake. Nilikifungua labda mara mia mbili, na sikukiogopa hata siku moja.

Kisha macho yakaanza kuniacha. Mnoaji asiyeona uzi wa chuma huanza kubahatisha, na mimi sikutaka kubahatisha na visu vya watu. Nikamwambia Bwana kwamba mwisho wa mwezi napumzika.

Siku ya mwisho alifungua kabati kwa ufunguo wake mwenyewe, akanipa kile kisu mkononi. Nikatafuta kitambaa cha mafuta.

"Acha kitambaa, Ramazani," akasema. "Ni chako."

Nilitaka kumwomba karatasi, japo mistari miwili yenye sahihi yake. Lakini mtu akikupa zawadi, utamwombaje risiti? Niliona haya. Nikashukuru, nikakitia mfukoni, na papo hapo mfuko ukawa mzito kuliko kisu chenyewe.

Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu ya kwanza ya kumiliki kitu kizuri: nani ataamini? Njiani kuelekea Dowa, wilaya yenye kambi yetu, kuna kizuizi cha polisi. Nilikihamishia kwenye soksi. Polisi alitazama kitambulisho changu cha mkimbizi, akaupapasa mfuko wangu wa nguo, akasema "zikomo", yaani asante, na kuniruhusu. Mguu ulikuwa umekufa ganzi. Nyumbani nilikificha kwenye unga, halafu juu ya kenchi, halafu ndani ya godoro. Sikukata nacho hata uzi.

Mama Zaina alinitazama siku mbili, kisha akauliza, "Papa Zaina, kama kisu ni yako, juu ya nini unaificha kama ya wizi?"

Nikainuka, nikatandika shuka juu ya godoro.

Siku ya tano alikuja kambini Furaha, karani wa stoo ya Bwana, mwanamke wa Bukavu mwenye kusoma. Yeye ndiye aliyeshika funguo za kabati. Aliketi, akakataa chai.

"Papa Ramazani, mi sikukuja kukuita mwizi," akasema. "Bwana alisafiri kwenda kutibiwa, sasa mtoto wake njo anaongoza duka. Amekuta kabati iko tupu. Ananiuliza mi, juu funguo iko kwangu, na ni we tu ulikuwa unaipaka kisu mafuta. Amesema kama kisu haionekane Ijumaa, kazi yangu imeisha."

"Bwana alinipa kwa mkono wake."

"Nakuamini. Lakini hakuandika fasi yoyote, na telefone yake haiingie."

Nilikitoa kwenye godoro, nikakiweka mkekani kati yetu. Furaha angeweza kuondoka nacho, na kazi yake ingepona. Lakini kisu kilichorudishwa kimyakimya ni kisu kilichoibiwa. Miaka yangu kumi na saba ingemalizikia kwenye neno hilo. Nikikikatalia, Furaha, mama mwenye watoto wanne, angekosa chakula kwa ajili ya heshima yangu.

"Ngoja," nikamwambia. "Tutaenda sisi wote wawili."

Ruhusa ya kutoka kambini ilinichukua siku mbili za kupanga foleni. Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya mtoto wa Bwana. Huyu hakujua Kiswahili, tulisemezana kwa Chichewa. Nikaweka kisu kwenye kaunta na kumweleza. Alinisikiliza bila kunitazama.

"Baba yangu hakumpa mtu yeyote kisu hiki kwa miaka yote," akasema. "Hata mimi nilimwomba."

Hapo nikaelewa ugumu wa jambo lile. Furaha alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Kijana akampigia baba yake simu, akaiweka kwenye spika, haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne mwanamke akapokea, kisha tukasikia pumzi za mgonjwa, na sauti ya Bwana ikiwa nyembamba sana. Kijana akauliza kwa lugha yao. Nikawaza: ugonjwa umemsahaulisha, nimekwisha.

"Ramazani yupo hapo?" sauti ikauliza kwa Kiswahili.

"Nipo, Bwana."

"Kinakata vizuri?"

Nikasema ukweli. "Sijakata nacho chochote, Bwana. Naogopa."

Akakohoa. "Kosa langu. Ningekuandikia."

Akasema na mwanawe maneno machache tena. Kijana akavuta karatasi yenye jina la duka, akaandika kwamba kisu ni mali yangu, akapiga muhuri. Kisha akamgeukia Furaha na kumwomba radhi, kwa sauti ya chini lakini mbele ya wafanyakazi wote. Nilimheshimu kwa hilo. Furaha alitoka nje kwanza kabla ya kulia.

Bwana hakurudi. Alifariki huko huko alikotibiwa, na sikupata nafasi ya kumwambia kisu kinakata namna gani.

Ninyi mnaoanza kazi za mikono, tunzeni macho yenu, na mkipewa kitu, ombeni karatasi bila haya. Mtoaji mwema hatachukia. Mimi nilidhani kustaafu ni kuweka hofu chini pamoja na vifaa. Haikuwa hivyo. Kila nikitoka kwenda mjini natembea na ile karatasi, nimeikunja ndani ya plastiki. Kisu nakiacha nyumbani, na Mama Zaina anakatia sombe, majani ya muhogo.

Anasema hajawahi kuwa na kisu kama hicho. Haniulizi karatasi iko wapi.