Kahawa Haikumaliza Neno

Juzi niliitwa shuleni, hapa Kayanga. Binti yangu, ambaye hata kuku wa jikoni humfukuza kwa kumbembeleza, amempiga mwenzake. Nilimuuliza kwa nini, akasema hajui. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nilimwamini, kwa sababu niliwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu.

Ilikuwa Nyabiyonza, kwa bibi, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Wakishuka alfajiri, majani yote yalikuwa yanachezacheza, nasi tunahangaika nao na ndoo zetu, tumelowa umande mpaka magotini. Bibi aliwakaanga kwa chumvi tu, mafuta yao wenyewe yakitosha, na harufu ilipenya migombani hadi kwa jirani. Jirani huyo alikuwa na binti, shoga wa dada yangu. Walisukana nywele, wakachota maji pamoja, na mara nyingi yule binti alilala kwetu.

Asubuhi moja dada aliteleza, ndoo ikamwagika, senene wakatawanyika. Shoga yake akacheka. Dada naye akacheka, nilimsikia. Kisha, kicheko kikiwa bado mdomoni, akaokota kipande cha kuni akampiga nacho usoni. Jino la mbele likavunjika. Nilikuwa nimesimama pale pale, na mpaka leo sielewi aliamua saa ngapi. Wala sijui kama aliamua.

Bibi alimshika dada mkono, akachukua na kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukaenda kwa jirani. Kwetu mkishatafuna kahawa za kikapu kimoja, neno limekwisha. Wakubwa wakatafuna, wakaulizana habari za migomba. Yule binti naye akachukua yake, halafu akamgeukia dada, taratibu kabisa.

“Nilikukosea nini?”

“Hakuna,” dada akasema.

Nilidhani jibu hilo lingemfariji. Kumbe ndilo lililomtisha. Hakuja kulala kwetu tena, na maji akaanza kuchota peke yake.

Bibi hayupo siku hizi. Senene wananaswa kwa taa kali na mabati, wanauzwa stendi kwa kikombe, nami nawanunua bila hamu. Dada amekuwa mtu mzima, mpole kuliko sisi wote. Mwaka jana nilijikaza nikamuuliza habari za siku ile. Aliniambia anatamani angekuwa ametukanwa na shoga yake.

“Angenitukana, ningekuwa na sababu ya kumpa nikimwomba anisamehe,” alisema. “Mimi mwenyewe bado namwogopa yule aliyempiga.”