Pini za Msusi na Sindano ya Dira

Binti akipanda ndege kwenda kusoma fizikia na wanafunzi wa mataifa, ujue mtaani kwao hapalaliki. Dada yake, msusi, ndiye aliyekuwa redio. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilisukwa na kuhubiriwa: "Mdogo wangu anaenda kupima dunia. Wa kwako anapima nini? Unga?"

Asubuhi ya safari akambana mdogo mtu kwenye kiti kilekile, akamfunga fundo la nywele, akalishindilia pini mpaka macho yakavutika. "Hata ndege ipinduke, hili halianguki."

Huko shule ya likizo kila kikundi kilipewa dira, betri na waya uliozungushwa kwenye fremu ya mbao. Unapitisha umeme kwenye waya, unasoma sindano ya dira imegeuka kiasi gani, halafu unapiga hesabu ya nguvu ya sumaku ya dunia. Yeye alipangwa na kijana mmoja mrefu, jina la utani Mlingoti, na msichana waliyemwita Miwani. Mlingoti akisoma, jibu zuri. Miwani, zuri vilevile. Akiinama yeye, sindano inakwenda inakotaka, kama mlevi anayetafuta mlango.

"Mwenzetu, macho yako yako likizo?" Mlingoti akauliza.

"Na wewe huko juu, dira unaiona au unaikumbuka?"

Wakacheka. Ila Miwani hakucheka. "Kesho tunasimama mbele ya shule nzima kueleza majibu yetu. Bora sisi tusome, wewe uandike namba tu."

Kuandika namba! Mtu katangazwa mtaa mzima kuwa anapima dunia, leo awe karani? Mwingine angemeza na kushika kalamu, lakini huyu hakuzaliwa kwenye nyumba ya watu wa kumeza.

"Zima umeme," akasema.

Mlingoti akachomoa waya. Binti akainama, sindano ikasogea. Akarudi nyuma, ikatulia. Akainama tena polepole, kama anamnyatia kuku. Ikageuka, na umeme hakuna hata wa kumtekenya mende.

"Inanifuata mimi."

"Imekupenda," Mlingoti akasema.

"Imependa kichwa changu!" Akachomoa pini moja, akaisogeza kwenye dira. Sindano ikaruka. Chuma! Akazitoa zote, meza ikajaa.

Miwani macho yakamtoka. "Huyo msusi wako anasuka au anajenga ghorofa?" Kisha akamsogezea dira. "Haya, soma wewe."

Akasoma nywele zikiwa timtim, na jibu likakaa palepale pa wenzake.

Mlingoti akataka habari ya pini ife hapohapo, wasije wakachekwa. "Thubutu!" binti akasema. Kesho yake akasimama mbele ya ukumbi, pini mkononi, akaichezesha ile sindano kama mbuzi wa kamba, akaeleza mwanzo mpaka mwisho.

Profesa, mama mmoja asiyejua kucheka, akauliza: "Ulijuaje si macho yako?"

"Tulizima umeme, bado ikanifuata."

Mama wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Akaiomba ile pini, akaitia kwenye sanduku la vifaa. "Wa mwakani nao waione."

Jioni binti akampigia dada yake. "Pini zako nusura zinitoe kwenye kikundi!" Akamsimulia yote.

Akamsikia dada anamgeukia mteja aliyekuwa kitini: "Umesikia? Mdogo wangu kaipima dunia, na mimi nimeisogeza! Hebu inamisha kichwa."