Majivu ya Mama kwenye Kioo cha Gari

Juzi mjukuu wangu alikamua dawa ya meno kupita kiasi, ikadondoka kwenye beseni, na harufu yake ikanirudisha kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la ngano, kule Hanang. Wengine harufu hiyo huwakumbusha asubuhi. Mimi hunikumbusha jioni, na kioo cha gari. Sijui kama nitaeleza vizuri, maana shule niliishia darasa la saba, ila nitajaribu kusema yaliyokuwepo.

Baba alikuwa dereva wa Landrova ya shamba. Kabla ya hapo aliendesha trekta kambi za mbali, tukawa tunamwona mara chache, akija na makapi ya ngano hadi kwenye nyusi. Alipopewa gari akaanza kulala nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa faida yote ya gari.

Jumapili moja Baba akiwa amejipumzisha, Mama aliamua kumfurahisha. Alikuwa mtu wa kijiji cha Tlawi, na kwao kioo cha taa ya chemli husuguliwa kwa majivu na kitambaa kibichi mpaka king'ae. Akachota majivu jikoni, akasugua vioo vya milango ya mbele, akizungusha mkono polepole huku akiimba Kiiraqw. Majivu ya taa alikuwa akiyachekecha kwanza, kuondoa chembe za mchanga. Siku ile, nadhani kwa furaha, hakuchekecha.

Vilipokauka vilipendeza kweli. Jioni, jua lilipovipiga kwa ubavu, ndipo mikwaruzo ikajitokeza, myembamba kama nywele, duara juu ya duara, kioo kizima kikawa cheupe.

“Mama Paskalina,” Baba akasema, “hii ni gari au sufuria?”

“Si ulilalamika vumbi, kwamba huoni nje?”

“Nililalamika. Sasa hata mlima sioni.”

Mama hakucheka. Mwisho wa wiki ile mkuu wa karakana angekagua magari, na dereva aliyeonekana kuharibu gari alirudishwa kwenye trekta. Sitaki kumsema vibaya mkuu huyo. Magari yalikuwa machache, na kuna madereva walioyatesa.

Baba alisikia kwa mafundi kwamba dawa ya meno hupunguza mikwaruzo midogo. Basi kila jioni yeye akasugua kwa kipande cha fulana, Mama akasuuza, mimi nimeshika kopo la maji. Wiki ile sisi watoto tulisugua meno kwa vijiti. Nilisugua nikiwaza kambi za mbali. Wao waliongea chinichini, mara wanacheka, na mimi niliona si wakati wa kucheka.

Mikwaruzo haikufutika, ilififia. Ila kona moja ya chini, mlango wa abiria, Baba hakuigusa.

“Baba, hapa umesahau.”

“Paache hapo, mwanangu.”

Nilidhani amechoka, au dawa imeisha. Labda iliisha kweli, siwezi kuapa.

Siku ya ukaguzi, magari yakiwa yamepangwa mbele ya nyumba zetu, mkuu aliinama palepale kwenye ile kona, akapitisha ukucha.

“Hii nini, dereva?”

“Vumbi la makapi, mzee.”

“Vumbi linazunguka hivi?”

Mkuu akamtazama Mama, aliyesimama mlangoni pa nyumba, kitambaa mkononi. Mama akasema shikamoo kwa sauti ndogo.

“Marahaba. Majivu yabaki jikoni, mama,” akasema, akaenda kwenye gari lingine.

Baba akaendelea kulala nyumbani.

Mama alitutoka kabla ya shamba kufungwa. Baada ya hapo, Baba akinichukua kwenye gari jioni, alikuwa akisimamisha njiani bila sababu, ubavu wa gari ukielekea jua, hadi yale maduara yawake pale konani. Nilifikiri anapumzisha injini. Nimeshaolewa, nimeshazeeka kidogo, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anautazama mkono wa Mama ukizunguka.

Gari liliondoka na shamba, sikujua lilipelekwa wapi. Nikiwa Katesh jioni, jua likiwa chini, hujikuta nakagua vioo vya magari ya watu stendi, kona za chini, mlango wa abiria. Vyote ni safi.