Barua Ambayo Bi Pazia Hakuiandika

Jina la Bi Pazia halikuanza kwa heshima. Alipokuwa akishona sare kiwandani, aliomba vipande vya vitambaa vilivyobaki, akaviunga na kuvitundika kwenye dirisha la chumba alichopanga. Wenzake wakaona kichekesho: mtu hana hata kitanda, ana pazia! Wakamwita hivyo kumdhihaki. Siku alipoacha kiwanda na kufungua chumba chake mwenyewe cha kushonea, alimwita mchoraji wa mabango akamwambia aandike juu ya mlango, kwa herufi nene: BI PAZIA.

"Waliocheka wapite wasome," alisema.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimsukuma kushoto anakwenda kulia, hata kama kulia kuna tope.

Chumba kilikuwa chembamba, chini ya jengo la ofisi. Meza ya kukatia ilijaa katikati, hivyo mteja mnene alilazimika kupita ubavu ubavu. Cherehani zilikuwa mbili, yake na ya wifi yake. Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe, fundi wa pindo asiye na mpinzani, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, nyumbani akionekana kwa bahati. "Kaka yangu alikuoa," wifi alipenda kusema, "ila anayeishi na wewe ni mimi. Mahari ningekula mimi."

Kazi ya pazia si sawa na kazi ya kuuza chumvi. Muuza chumvi humkuti chumbani kwako. Bi Pazia alipanda ngazi kwenye vyumba vya kulala vya watu, akapima madirisha huku kitanda hakijatandikwa, huku dawa zimepangwa dirishani. Aliyoyaona aliyaacha hukohuko. Na kabla ya kuteremka, akishamaliza kutundika, aliuliza swali lilelile kwa kila mteja: "Nikuandikie barua pepe mara moja kwa mwezi, au nikuache upumzike?"

Aliyesema niandikie, anwani yake iliingia kwenye kompyuta. Aliyesema niache, alipewa asante ileile.

Barua zenyewe zilikuwa fupi. Jinsi ya kufua pazia zito lisirudi fupi kama kaptula. Kitambaa gani kimeingia, na bei yake ya kweli. Chini kabisa aliweka mahali duka lilipo, namba ya simu, na maneno haya: "Ukichoka na barua zangu, nijibu neno moja tu, Basi. Nitakutoa siku hiyohiyo, na sitauliza kwa nini." Waliosema basi aliwahamishia ukurasa wao wa peke yao, ili asije akawaandikia kwa kusahau.

Wifi hakuelewa kabisa. "Mfanyabiashara gani anawafundisha wateja njia ya kutokea?"

"Duka lisilo na njia ya kutokea ni jela, wifi."

Sasa, karibu vitambaa vyote vya Bi Pazia vilitoka kwa mtu mmoja, mwenye duka la jumla ambaye watu walimwita Mzee Jora, kwa sababu alikuwa akiuza majora mazima tu, hakati mita. Jumatatu moja alikuja mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha wateja na kutandaza mezani kipande cha velveti ya rangi ya zambarau.

"Mwanangu, mzigo huu nakupa wewe peke yako mtaa mzima," alisema. "Sitaki kitu. Nataka uwatumie wateja wako imeli yangu. Nimeshaandikiwa, wewe bonyeza tu."

Bi Pazia akasoma kwenye simu ya mzee. Kichwa cha barua kilisema: Kuhusu oda yako ya pazia.

"Oda gani hii, mzee wangu?"

"Ndiyo wafungue wajue oda gani!" Mzee Jora akacheka hadi tumbo likatikisika.

"Hawajaagiza kitu."

"Wakifungua wataagiza."

"Na hawa walioniambia basi?"

"Hao ndio wa kwanza kuwatumia! Wamepumzika, wana nguvu za kununua."

Wifi alicheka. Bi Pazia hakucheka. "Mzee wangu, nikubishie hodi niseme nimekuletea habari za mgonjwa wako, ufungue mlango roho juu, halafu nikuuzie sufuria. Utaniita nani?"

"Nitakuita mjanja."

"Mimi ningejiita tapeli. Siitumi."

Tabasamu la Mzee Jora likapungua taratibu. Akaikunja velveti yake. "Ijumaa," alisema. "Ikiwa haijatumwa, kwangu hutapata hata uzi. Jirani yako wa ng'ambo ya barabara anaomba mzigo wangu kila siku."

Alipotoka, wifi aliacha cherehani. "Haya, shujaa. Wiki ijayo tutashona hewa?"

"Jina lililo chini ya barua ni langu."

"Na lililo juu ya mlango ni la nani? Tukifunga, utalitundika wapi?"

Swali hilo lilimuudhi Bi Pazia kuliko velveti yenyewe. Akakata kitambaa hadi jioni.

Alhamisi alikwenda kutundika mapazia kwenye kliniki ya meno. Yuko juu ya ngazi, pete za pazia mdomoni, simu ikaanza kulia. Akaziacha pete zianguke.

"Bi Pazia, oda gani tena? Mimi si nilishakulipa nikamaliza?"

Hajajibu, simu nyingine ikaingia. Halafu nyingine. Aliteremka ngazi na sura ambayo ilimfanya daktari amuulize ni jino gani linauma.

Dukani alimkuta wifi mbele ya kompyuta, uso wake una hofu na furaha kwa pamoja. "Usianze kunifokea," alisema haraka. "Tazama kwanza. Wameagiza! Watu wanaitaka velveti, wifi. Tumeokoka!"

Na kweli, maagizo yalikuwepo, si machache. Lakini kwenye kiti cha wateja alikuwa amekaa muuguzi mmoja wa kwenye nyumba za nyuma, bado yumo ndani ya sare yake ya kazi. Bi Pazia alimkumbuka. Alikuwa amejibu basi, akatolewa, akaachwa.

"Nilikuomba uniache," muuguzi alisema bila kupandisha sauti. "Hukuniuliza sababu, nikakushukuru moyoni. Leo natoka zamu naona, kuhusu oda yako. Mume wangu wa zamani alikuwa akiagiza vitu kwa jina langu, madeni nabaki nayo mimi. Nikajua ameanza tena. Nimekuja mbio na viatu vya wodini."

Bi Pazia akamtazama wifi. "Na ule ukurasa wa waliosema basi umeuchukua?"

Wifi akainamia vidole vyake. "Mzee Jora alinitumia barua, akasema wote."

"Dada," Bi Pazia akamgeukia muuguzi, "hakuna oda, na hakuna aliyetumia jina lako. Barua sikuandika mimi, ila jina ni langu, kwa hiyo kosa ni langu. Nakuomba radhi."

Kabla muuguzi hajajibu, Mzee Jora akaingia kwa kishindo, nyuma yake mpagazi amebeba majora mawili. "Nimesikia imetumwa! Si nilikuambia? Weka hapo, weka hapo."

"Usiweke," alisema Bi Pazia. Akamwondoa wifi kwenye kiti, akakaa, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwa sauti kama anasomea mahakama. "Barua mliyopata leo haikuwa ya kweli. Hakuna oda yoyote. Ilikuwa njia ya kuwafanya mfungue tangazo. Imetoka dukani kwangu, na naomba radhi."

"Wewe!" Mzee Jora akasogea. "Ongeza basi kwamba velveti ipo. Hilo nalo ni uongo?"

"Ipo. Itakuwepo kwa jirani." Akamgeukia muuguzi. "Waliosema basi niliahidi kutowaandikia tena. Sasa sijui. Wewe ungependa upate hii?"

Muuguzi akafikiri. "Ningependa. Mara moja. Halafu kimya."

"Mara moja, halafu kimya."

"Binti, ukibonyeza hapo mimi na wewe basi," alisema Mzee Jora. "Na walioagiza utawaambia nini?"

"Nitawapigia mmoja mmoja. Anayeitaka velveti kweli, nitamwelekeza ng'ambo ya barabara." Akabonyeza.

Mzee Jora alisimama akipumua kama mtu aliyepanda ghorofa. Kisha akampigia mpagazi vidole, na majora yakatoka kama yalivyoingia. Muuguzi naye akainuka, akasema "sawa," akaenda zake. Hakununua kitu, wala hakutabasamu.

Majibu yalianza kuingia. Wengine walishukuru. Wengi, wengi kuliko Bi Pazia alivyotarajia, walisema basi. Aliwatoa wote, hata wateja aliowapenda.

"Nitamwambia kaka," wifi alisema, machozi karibu.

"Mwambie. Mwambie na akirudi aje na kitambaa." Halafu, kwa sauti ya chini: "Uliogopa. Mimi pia naogopa. Lakini usiguse tena jina langu."

Jumamosi walikwenda mbali, upande wa pili wa mji, kwa muuzaji wasiyemjua. Huko hakukuwa na velveti. Kulikuwa na pamba nyeupe, nene, ya bei wanayoiweza. Wakanunua jora moja, wakalibeba begani, Bi Pazia mbele, wifi nyuma. Walipokaribia duka la Mzee Jora, wifi akanong'ona, "Tupite uchochoroni."

"Tunapita mbele."

"Wifi, ananitazama!"

"Tembea."

Mzee Jora alikuwa mlangoni na wateja wake. Aliliona jora, akapaza sauti ili mtaa usikie. "Hee! Bi Pazia! Hiyo si ya pazia, hiyo ni ya mashuka ya hospitali!"

Bi Pazia akasimama palepale mbele ya mlango wake, akalihamishia jora bega la pili bila haraka.

"Ndiyo, ni ya mashuka ya hospitali!" alijibu. "Na kila atakayeinunua nitamwambia hivyohivyo!"

Nyuma yake, wifi aliangua kicheko asichokitarajia mwenyewe, akakaza mikono kwenye ncha yake ya jora, wakaendelea.