Bango la Mahafali ya Ushonaji

Likizo ile nilitoka Ilomba kwenda Iringa kwa mjomba, ambaye ana kaofisi ka kuprinti mabango pale Mlandege. Mbele za watu siongei, kwa hiyo alinikalisha kwenye kompyuta. Siku ya tatu akanipa kazi: bango la kupigia picha kwenye mahafali ya chuo cha ushonaji. Mwalimu mkuu wao, mama mmoja mpole, aliomba jambo moja tu. Picha za mwaka jana zilipigwa mbele ya ukuta mtupu, hata hujui wasichana wamemaliza wapi. Safari hii alitaka nembo yao ya cherehani ionekane.

Nikaiweka moja, kubwa, katikati. Niliona nimeweza.

Mjomba akaangalia. "Hii ni ya mlango wa duka. Mhitimu akisimama, cherehani itakuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Na mama yake je? Na mama wadogo? We umeshaona mahafali ya mtu mmoja?"

Kweli. Mhitimu anavishwa mashada mpaka masikioni, anafungwa kitenge juu ya joho, halafu ukoo mzima unajipanga. Nikafuta. Nikachora nembo ndogo, za ukubwa wa sahani, nikazitawanya kwa mshazari kama maua ya kitenge, toka chini hadi juu kabisa. Mjomba akanisimamisha ukutani, akapiga chaki juu ya kichwa changu.

"Juu ya hapo ongeza safu mbili. Kina mama wanakuja na vilemba."

Mashine ilipoanza kuprinti sikuweza kukaa. Kitu ambacho kwenye skrini ningeweza kukifunika kwa kiganja kilikuwa kinatoka polepole, kipana kama geti la gereji, kinanuka wino, cherehani baada ya cherehani. Nilikigusa pembeni kwa vidole viwili. Nimefanya mimi hii? Sikuamini.

Jumamosi tukalifunga kwenye fremu ya mabomba, uwanjani pa chuo. Familia ya kwanza ilitoka Usangu, watu kumi na sita. Vigelegele, mashada, vitenge, na bango likapotea. Mpiga picha alipobonyeza nikamfuata bila kuomba, mimi ambaye huwa sisogei. Mwalimu mkuu naye akainamia kioo cha kamera.

Kati ya bega la baba na kofia ya mhitimu kulikuwa na cherehani nzima. Juu yao zingine, safu mbili, hazijaguswa na mtu.

"Sasa watajulikana walisoma wapi," mwalimu akasema. "Nani kachora?"

Mjomba akaninyooshea kidole. Nikakimbilia nyuma ya bango. Kule jua lilikuwa linapenya, nembo zote zinang'aa kinyumenyume, na vivuli vya familia nyingine vinajipanga katikati yake. Nilisimama hapo muda mrefu, naangalia tu.